Nyufa ubavuni baada ya boti kunyanyuliwa

SWALI: Ndugu Mhariri, boti yangu ya faiba, yenye urefu wa mita 8, hutolewa majini kwa winchi yenye ndoana moja na mikanda miwili. Mara ya mwisho niliona nyufa nyembamba ubavuni, chini kidogo ya ukingo, pale mikanda ilipopita. Mwendesha winchi anasema mashine yake ina uwezo wa kubeba mara tatu ya uzito huo. Kosa liko wapi?

JIBU: Msomaji wetu, mwendesha winchi amejibu swali ambalo hukuuliza. Boti yako haikuumia kwa sababu winchi ni dhaifu, bali kwa sababu iliminywa. Ncha za mkanda zinapokutana kwenye ndoana moja, mkanda hulala mshazari na kuvuta mbavu kuelekea ndani wakati huohuo unapoinua. Ukiwa umeinuka kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka usawa, kila upande wa mkanda hubeba takriban asilimia 58 ya mzigo wa mkanda huo. Ukilala hadi nyuzi 30, kila upande hubeba mzigo wote, na nguvu inayozidi huishia kuuminya ukingo. Dawa yake ni boriti ya kutanulia mikanda, yenye upana unaozidi kidogo ule wa boti, ili mikanda ishuke wima. Magodoro yanayowekwa kati ya mkanda na ukingo huzuia mikwaruzo tu. Mminyo hubaki palepale.

Mahali pa kupitisha mikanda nako kuna neno. Ipite chini ya mataruma (mbavu za ndani za boti) au viambaza vya ndani, si katikati ya faiba tupu, wala isiguse mhimili wa rafadha (panga la kusukuma boti), usukani au kipima kina. Ukishapata mahali sahihi, weka alama za kudumu ubavuni, kwa kuwa boti ikiwa majini hakuna anayeona kilicho chini. Kwa kuwa omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, hupanda kwa mteremko, mkanda wa mbele huweza kuteleza na kuchomoka; ufunge kwa kamba kwenye ule wa nyuma, pande zote mbili.

Kabla ya kuinua, toa maji yote ya ngama, yaani yaliyotuama chini ndani ya boti. Lita 300 ni takriban kilo 300, na ubaya wake mkubwa ni kwamba hukimbilia upande ulioinama na kuuzamisha zaidi. Kisha boti iinuliwe sentimita chache na kusimamishwa: ikiinamia tezi, yaani nyuma, kama ilivyo kawaida injini inapokuwa nyuma, ishushwe na mikanda isogezwe. Asikae mtu chini yake hata kwa dakika moja; iongozwe kwa kamba za omo na tezi.

Kuhusu nyufa zilizopo, usizipake rangi kwanza. Fundi azikwangue kidogo aone kama zimeishia kwenye tabaka la juu au zimeingia kwenye faiba yenyewe, na ikiwa zimeingia, boti itengenezwe kabla ya kunyanyuliwa tena.