Unataka kubuni mkanda wa saa unaovutika? Anza na mkono, springi baadaye

Kila anayeniuliza kuhusu hii mikanda ya pingili inayovutika, ile ya chuma unayoipitisha mkononi bila kufungua kitu chochote, anaanza na swali moja: nitumie springi gani? Mi namwambia aweke springi pembeni kwanza. Chukua futi ya cherehani, pima kifundo cha mkono, halafu kunja kidole gumba ndani ya kiganja na upime pale mkono unapokuwa mnene zaidi, karibu na vifundo vya vidole. Tofauti ya hizo namba mbili ndo kazi yako yote, mengine yanafuata hapo.

Tuchukue mfano. Kifundo mm 170, mkono uliokunjwa mm 220, maana yake kuna mm 50 za kutafuta. Kwa bangili tupu mm 50 hizo zinagawanywa mzunguko mzima, kwa hiyo unahitaji ivutike kama asilimia 29 hivi, kazi nyepesi. Saa ni habari nyingine kabisa kwa sababu kasha la saa halivutiki. Kasha likichukua mm 45 kutoka ncha hadi ncha unabaki na mkanda wa mm 125 tu, na zile mm 50 ziko palepale hazijapungua hata kidogo, sasa inakuwa asilimia 40. Watu wengi wanachora pingili nzuri kwa ajili ya bangili wakafikiri itafaa na kwa saa, wakishaunganisha kasha mkanda unagoma kwenye kidole gumba, na hapo hapo wanaanza kulaumu springi wakati springi haina kosa. Na saa ikiwa kubwa hali inazidi kuwa ngumu, kasha la mm 50 linakula sehemu ambayo ingevutika.

Sasa huu mfumo unafanyaje kazi. Ule maarufu zaidi, ambao Speidel wa Providence kule Marekani waliuuza kwa jina la Twist-O-Flex kuanzia 1959, na ambao mizizi yake iko Pforzheim, Ujerumani, kwa Rodi & Wienenberger waliokuwa wanauza mkanda wao kwa jina la Fixoflex, una tabaka mbili za pingili. Kila pingili ni kijumba chembamba cha bati, wazi pande zote mbili. Tabaka la juu limesogezwa nusu pingili kuliko la chini, kwa hiyo kila pingili ya juu inakaa juu ya nusu mbili za pingili za chini. Kinachozishika ni vipini vidogo vyenye umbo la U vinavyoingia kutoka pembeni, mguu mmoja kwenye pingili ya juu na mguu mmoja kwenye ya chini. Ndani ya kila pingili kuna kipande cha springi bapa kilichopinda kidogo. Ukivuta mkanda vile vipini vinalala, miguu yake ni bapa siyo duara, kwa hiyo inapojigeuza ndani ya kijumba inasimama kwa ubavu na kuinyanyua springi. Ukiachia, springi inaulaza mguu chini tena na mkanda unajifunga. Ndo hivyo tu, hakuna mpira, hakuna koili, na ndo maana mkanda mzuri wa aina hii unaweza kuuzungusha na kuukunja ukarudi kama ulivyokuwa.

Hapo kuna hesabu ambayo naipenda sana kwa sababu inaondoa kubahatisha. Kipini chenye mm 2 kati ya mguu na mguu, kikilala nyuzi 30, kinasogeza mm 1. Ukihesabu kwenye urefu wa mkanda, kila hatua moja ya pingili ina vipini viwili vinavyofuatana, cha kutoka juu kwenda chini na cha kurudi juu, kwa hiyo unapata mm 2 kwa kila pingili. Pingili yenye upana wa mm 5, kwenye mm 125 zinaingia 25, mara mm 2 ni mm 50. Umefika! Ukitaka kuvutika zaidi una njia tatu, kurefusha kipini (mkanda unakuwa mnene), kukiacha kilale zaidi (springi inapata shida), au kufanya pingili ziwe nyembamba ili ziwe nyingi (kazi ya kuunganisha inaongezeka). Mi huwa nachagua pingili nyembamba. Mkanda mnene unakwaruza meza na unakaa vibaya chini ya mkono wa shati, na mtu akishauvua kwa sababu hiyo hata springi iwe nzuri vipi haimsaidii.

Sasa ndo tuje kwenye springi. Springi bapa inayobanwa katikati na kunyanyuliwa kwenye ncha mbili, ukakamavu wake unaenda na unene ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe. Yani ukitoka unene wa mm 0.1 ukaenda mm 0.2 umeongeza ukakamavu mara nane, siyo mara mbili. Hii ndo sababu mtu anabadilisha bati "kidogo tu" halafu mkanda unamkaba kama pingu. Badilisha unene kwa hatua ndogo sana, na kama bati unazopata dukani zinaruka hatua kubwa, basi cheza na upana wa springi au urefu wake maana upana unaenda sawa kwa sawa, ukiongeza nusu unapata nusu.

Halafu kuna suala la springi kuchoka. Chukua springi ya stenlesi 301, aina ya chuma kisichoshika kutu, iliyokandamizwa ikiwa baridi mpaka ikawa ngumu kabisa, unene mm 0.15, umbali kati ya ncha zinazonyanyuliwa mm 14. Mguu wa kipini una upana wa mm 1 na unene wa mm 0.5, ukijigeuza nyuzi 30 unanyanyua springi kama mm 0.43. Mkazo kwenye springi, yani nguvu kwa kila eneo la chuma, hapo unafika kama megapaskali 380, na chuma hicho kinaanza kupinda bila kurudi kwenye megapaskali 900 na kitu, kwa hiyo uko salama, hata ukiongeza ule mpindo wa mwanzo unaofanya mkanda ujifunge vizuri ukiwa umetulia. Lakini ukiacha kipini kilale bila mpaka, mtu akavuta kwa nguvu zake zote, mkazo unapanda zaidi, na ukijumlisha na ule mpindo wa mwanzo unaweza kuvuka pale. Springi ikipinda mara moja hairudi, na mkanda unabaki na ile tabia ya kulegea sehemu moja tu, pingili mbili tatu zinakaa wazi na nyingine zimefunga.

Kwa hiyo, na hili nalisema kwa msisitizo wote nilio nao, weka kizuizi cha chuma kwa chuma. Ukuta wa kijumba au ukingo wa pingili jirani uzuie kipini kisilale zaidi ya nyuzi 35 hivi, ili nguvu ya kuvuta ikizidi ibebwe na bati nene siyo na springi. Springi kazi yake ni kurudisha, haipaswi kubeba mzigo. Mkanda usio na kizuizi unaweza kuuonyesha mezani ukapendeza kabisa, lakini mkononi kwa mtu anayefanya kazi na anayeuvua na kuuvaa kila siku hautadumu.

Je ukaze kiasi gani? Hapa watu wanabishana sana, mi natumia mgandamizo kwenye ngozi. Mkanda wa upana wa mm 18 kwenye kifundo chenye nusu kipenyo cha mm 27, ukivutwa kwa nyutoni 1, ambayo ni kama uzito wa gramu 100, unagandamiza ngozi kwa kilopaskali 2, sawa na kama milimita 15 za zebaki kwenye kile kipimo cha presha. Hiyo inavalika. Ukifika nyutoni 3 unakaribia milimita 45, hapo mishipa inayorudisha damu inabanwa na mtu atauvua mwenyewe kabla hujamwambia. Mi nalenga kati ya gramu 50 na 100 mkanda ukiwa umekaa kwenye kifundo, na kupima ni rahisi: ning'iniza mkanda wima, ongeza uzito kidogo kidogo, andika urefu kila mara. Fanya hivyo ukiongeza na tena ukipunguza. Namba za kurudi zikiwa tofauti sana na za kwenda ujue kuna msuguano mwingi ndani, mara nyingi ni kingo kali za kukatia bati ambazo hazikupigwa msasa.

Na hizo kingo ndo zinanipeleka kwenye kitu ambacho wavaaji wanakilalamikia kuliko vyote, kung'olewa malaika ya mkono. Kwenye michoro hutakiona kabisa. Pingili zinapofunguka nywele zinaingia kwenye nafasi, zikifunga zinabanwa, ukisogeza mkono zinavutwa. Huwezi kuondoa nafasi kwa sababu bila nafasi hakuna kuvutika, ila unaweza kufanya mambo mawili. La kwanza, tabaka la chini liwe na kingo za mviringo kabisa, siyo kona iliyokatwa tu, ili nywele iteleze itoke badala ya kushikwa. La pili, ule mvuto wa kutulia utoshe kuzifunga pingili kabisa mkononi lakini mkanda usiwe unafunguka na kufunga kila mtu akikunja kiganja, maana hapo ndo unakuwa mashine ya kunyoa. Kwa hiyo urefu wa mkanda uwe karibu sana na kipimo cha kifundo, usimvalishe mtu mkanda mfupi ukitegemea utavutika umtoshe siku nzima.

Kuhusu madini sitakaa sana. Upande unaogusa ngozi tumia stenlesi ya 316L, ina molibdenamu inayosaidia dhidi ya chumvi ya jasho. Ina nikeli ndiyo, ila inaitoa kidogo mno, na kama unauza Ulaya kuna kikomo cha kisheria cha mikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki kwa vitu vinavyogusa ngozi muda mrefu, kwa hiyo ukipaka rangi ya dhahabu hakikisha hakuna nikeli chini yake, maana ule upako ukilika ngozi inakutana na kilichofichwa. Dhahabu yenyewe usiitegemee iwe springi, ni laini. Wanaofanya mikanda ya dhahabu wanaweka kofia ya dhahabu juu ya pingili ya chuma na hiyo ni njia nzuri, nakubaliana nayo. Kitu kimoja tu: malizia kulehemu na kung'arisha KABLA ya kuingiza springi. Ile 301 ugumu wake umetokana na kukandamizwa ikiwa baridi, ukiipiga moto inalainika na hutajua mpaka mkanda uanze kulegea.

Uchafu nao uufikirie tangu kwenye mchoro. Vile vijumba vinakusanya jasho, ngozi iliyokufa na sabuni, na maji ya chumvi yakikaa ndani ya upenyo mwembamba yanakula hata stenlesi. Acha njia ya maji kutoka, vijumba viwe wazi pembeni, na mwambie mvaaji aoshe kwa maji ya uvuguvugu na brashi laini akiwa ameuvuta mkanda, kisha aukaushe ukiwa bado umevutwa. Mafuta usimwambie apake, yanashika vumbi na vumbi linageuka msasa ndani ya vijumba.

Ukitaka kujaribu kabla ya kukata chuma, chapa pingili kubwa mara nne kwa printa ya 3D na weka springi ya plastiki, haitakuambia nguvu lakini itakuonyesha kipini kinagonga wapi na kizuizi kinafanya kazi au la. Ukubwa halisi nafanya kwa shaba ya njano kwa sababu inakatika kirahisi, na springi ndo naweka za kweli.

Mwisho ni suala la kupunguza pingili, ambalo wabunifu wanalisahau halafu mtengeneza saa ndo anahangaika. Mvaaji mwenye kifundo chembamba ataomba zitolewe pingili tano, na hapo mkanda wako unabadilika tabia. Nguvu inayopita kwenye pingili zote ni moja, wakati umbali wa kuvutika unagawanywa kati yao, kwa hiyo ukitoka 25 ukabaki na 20 na bado unataka zile mm 50, kila pingili inatakiwa kutoa mm 2.5 badala ya 2. Kipini cha mm 2 kitalazimika kulala karibu nyuzi 39, na kizuizi chako kiko 35. Kwa bahati mwenye kifundo chembamba mara nyingi ana kiganja chembamba pia, ila usitegemee, wako wenye vifundo vyembamba na viganja vipana, na hao hao ndo walioshindwa na mikanda ya kawaida. Mi natengeneza saizi mbili za mkanda, ile ndogo ina pingili za mm 4 badala ya mm 5 kwa kipini kilekile. Urefu wa mm 100 bado unakuwa na pingili 25, kuvutika kunabaki mm 50, na anayepunguza anapunguza moja au mbili tu.

Pingili zinazotolewa mpe mwenye saa kwenye kimfuko pamoja na vipini vyake. Vipini hivyo havifanani na vya mkanda mwingine, na kimoja kikipotea hakuna fundi atakayekipata.