Huyeyuka, itayeyuka au ingeyeyuka?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha kemia sekondari. Klabu yetu ya sayansi inaandaa gazeti la ukutani kwa Kiswahili, nami nimeandika juu ya oganesoni, elementi namba 118: "Oganesoni ni yabisi. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 52 za Selsiasi na huchemka kwenye 177." Mwenzangu wa Kiswahili kakata "huyeyuka" kwa kalamu nyekundu, kaandika "itayeyuka". Mkuu wa idara naye anasema tuanze tu na "inasemekana", yaishe. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Wote watatu mmeteleza, ila kila mmoja kwa namna yake.

Nianze na hu-. Kiambishi hiki kinataka shahidi. Tukisema maji huchemka kwenye nyuzijoto 100, ni kwa sababu masufuria yamechemka mbele za watu tangu zama za mababu. Hata radoni, inayokaa juu ya oganesoni kwenye jedwali la elementi, huchemka kwenye nyuzijoto 62 chini ya sifuri, na hilo limepimwa. Oganesoni nani kaiona ikiyeyuka? Iliundwa mara ya kwanza mwaka 2002 kule Dubna, Urusi, wataalamu walipoipiga kaliforniamu kwa viini vya kalsiamu. Zilizowahi kunaswa ni atomu tano au sita tu, na nusumaisha yake, yaani muda wa nusu ya atomu kuvunjika, haifiki sehemu moja ya elfu ya sekunde. Atomu hizo hazikuwahi hata kukutana. Na uyabisi ni shughuli ya umati: atomu moja peke yake si yabisi, si kiowevu, si gesi, kama vile mtu mmoja hawezi kuwa foleni.

Hizo nyuzijoto 52 na 177 zilitoka kwenye kompyuta. Ni mahesabu yaliyochapishwa mwaka 2020 na kundi la Peter Schwerdtfeger wa New Zealand na wenzake, na kwenye kuyeyuka wenyewe waliacha nafasi ya kukosea ya nyuzi 15 juu au chini. Ukiandika "huyeyuka", umelifuta jasho lao lote na nafasi yao ya kukosea, ukamwachia mwanafunzi picha ya mtu kashika kipimajoto.

Lakini usiifute hu- kila mahali. Atomu ya oganesoni huvunjika kwa kutoa chembe ya alfa, yaani kiini cha heliamu, ikabaki livermoriamu, elementi namba 116. Hilo limeonekana, na ndivyo ilivyotambuliwa. Utaniuliza, mara tano zinatosha kuitwa mazoea? Mimi naona zinatosha, maana kila ilipoonekana ilionekana ikifanya hivyo. Kwa hiyo katika aya moja utakuwa na "huvunjika" na "ingeyeyuka", na hakuna kosa.

Naam, ingeyeyuka. Hapa ni mahali pa -nge-, kwa sababu kuna sharti lililojificha: lau tungepata punje yake, ikatulia, ingekuwa yabisi. Angalia -nge- ikae pande zote mbili. "Kama ingepatikana, ingalikuwa yabisi" ni kuchanganya mchele na dengu. Najua wengi siku hizi hawatofautishi -nge- na -ngali-, na sitagombana nao barabarani, lakini kwenye maandishi ya sayansi tofauti hiyo ina kazi. -ngali- ifungie yaliyokwisha pita. Mwaka 1999 watafiti wa Berkeley, Marekani, walitangaza kwamba wameipata elementi hii hii. Mwaka 2001 wakaifuta kauli yao. Wangalikagua data zao mapema, wasingaliumbuka. Hapo mlango umeshafungwa. Wa -nge- bado umeegeshwa tu.

Mwenzako wa kalamu nyekundu anaahidi kisichoahidika. "Itayeyuka" inamfanya msomaji asubiri siku ya kuyeyuka. -ta- ilimfaa Mendeleev, Mrusi aliyepanga jedwali la elementi, aliyesema mwaka 1871 kwamba chini ya silikoni patajazwa na elementi yenye uzito wa atomu unaokaribia 72, na mwaka 1886 Winkler, Mjerumani, akaipata jeremaniamu. Wewe -ta- iwekee elementi ya 119, kwa kuwa inatafutwa, na iambatanishe na -ki-: "ikipatikana, itaanzisha mstari wa nane wa jedwali."

Kuhusu "inasemekana", mheshimu mkuu wako lakini mkatalie. Inasemekana ni ya kijiweni: fulani kaachana na mkewe, inasemekana. Msemaji hajulikani na hataki kujulikana. Hapa wasemaji wanajulikana kwa majina. "Inasadikika" nayo inaleta imani pasipohitajika imani. "Kubashiri" lilikuwa neno zuri, lina hata harufu ya bishara, habari njema. Bahati mbaya vijana wakilisikia sasa wanawaza mkeka wa mechi za Jumamosi. "Kutabiri" halina ubaya, mbona hali ya hewa inatabiriwa kila jioni. Ila palipo na tarakimu mimi nachagua "kukadiria", maana ndani yake mna kadiri, mna kipimo. Tabia kwa ujumla zinatabiriwa; nyuzijoto 52 inakadiriwa.

Jambo moja hukuniuliza, lakini siwezi kulipita. Oganesoni imo kwenye safu ya gesi adimu. Sasa tazama jina hilo linavyochekesha: argoni, ambayo ni karibu asilimia 1 ya hewa tunayovuta, tunaiita adimu; na oganesoni, ambayo pengine isingekuwa gesi kabisa kwenye joto la chumbani, ndiyo adimu kuliko zote. Nusu ya jina inaikataa, nusu nyingine inaikaa barabara. Waachieni wanafunzi wacheke nalo.

Aya yenu ningeiandika hivi: "Atomu chache tu za oganesoni zimewahi kuundwa, na kila moja huvunjika kabla sekunde haijaanza kuhesabika. Kwa makadirio ya mwaka 2020, lau ingepatikana ya kutosha ingekuwa yabisi, ingeyeyuka kwenye nyuzijoto 52 hivi za Selsiasi, na ingechemka kwenye 177 hivi." Hiyo "hivi" msiikate kwa kubana nafasi ya ukutani.