Juisi ya embe bichi inatoka chungu, nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Mi nakaa Tabata na joto la Januari hii limetushinda, watoto wakirudi shule ni soda na maji ya barafu tu. Zamani nilipanga Upanga, kuna mama wa Kihindi jirani alikuwa anatupa juisi ya embe bichi yenye viungo, ukinywa unasikia mwili umepoa. Nimejaribu mara mbili, nimemenya maembe nikasaga kwa blenda na sukari na binzari ya pilau, imetoka chungu halafu ina manyuzinyuzi, baba watoto kaonja akauliza hii dawa ya minyoo au? Nisaidie. Mama Wawili, Tabata

JIBU: Marahaba Mama Wawili, na baba watoto mwambie awe mpole kidogo. Hiyo juisi Wahindi wanaiita aam panna, na siri yake ni kwamba embe linapikwa kwanza, we umelisaga bichi ndo maana. Chukua maembe mabichi matatu ya saizi ya kati, magumu kabisa, yale yale wanayouza na pilipili na chumvi barabarani, ukilikata ukakuta ndani limeanza unjano liache liive ule zako. Kata kwenye kikonyo, liinamishe utomvu utoke, osha vizuri, halafu chemsha na maganda yake kama dakika 20 hivi mpaka ganda libadilike rangi na kidole kizame. Mi napenda zaidi kuyachoma kwenye mkaa mpaka ganda liungue, ule moshi kidogo unaobaki ndani ni mtamu sijui nisemeje, ila inataka mtu mwenye subira na jiko limeshawaka kwa ajili ya kitu kingine.

Yakipoa menya, kamua nyama yote kwa mkono, saga, chuja kwa chujio la chai, manyuzi yatabaki humo hasa kama ni embe za kienyeji.

Sasa uchungu. Nahisi umetoka sehemu mbili. Embe changa kokwa lake bado laini, kisu kinapita tu bila wewe kujua na kile cha ndani kinaingia kwenye blenda, na kile ni kichungu kweli. Ya pili ni binzari, hiyo nyembamba ya pilau haitiwi hivi hivi, ikaange kavu moto mdogo huku unakoroga, ikianza kunukia tu na kubadilika rangi kidogo ipua, ukisubiri iwe nyeusi umeshaharibu. Twanga, tia kijiko kimoja cha chai, pilipili manga robo kijiko, hiliki tatu, chumvi nusu kijiko, sukari anza na robo tatu ya kikombe uonje maana ukali wa maembe haufanani. Ukiwa na nanaa saga pamoja na embe.

Hapo umepata rojo, sio juisi. Vijiko vitatu vikubwa kwenye glasi, maji ya baridi yaliyochemshwa, basi. Rojo weka kwenye chupa ya glasi, usililaze kwenye sufuria ya alumini, ule ukali unaila na ladha inakuwa ya bati. Kwenye friji linakaa siku nne tano, au ligandishe kwenye vile visahani vya barafu uwe unatoa viwili vitatu watoto wakirudi. Umeme ukikatika kutwa nzima halafu ukaona linatoa povu, mwaga usilionee huruma.

SWALI: Dada nimenunua chumvi nyeusi Kisutu nitie kwenye juisi ya embe, nimefungua inanuka yai viza, nimeuziwa mbovu? Msomaji, Kigamboni

JIBU: Hapana ndugu yangu, ndo ilivyo, ile harufu ni ya salfa iliyomo. Na ukiisaga utashangaa unga wake ni wa pinki pinki. Tia ncha ya kijiko tu kwenye jagi zima na upunguze ile chumvi ya kawaida, ikishachanganyika na ukali wa embe harufu inatulia, inabaki ile ladha inayokufanya uombe glasi ya pili. Kama nyumbani kuna mwenye presha, hii nayo ni chumvi kama chumvi nyingine, yake mchanganyie bila.