Acheni kumuuliza kama amemeza

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: mzazi akianza kusahau, mnahakikishaje anameza dawa zake? Mimi nasema acheni kumuuliza. Kaka zangu walioko Dar es Salaam walikuwa wakipiga simu kila jioni: "Mama, umemeza?" Naye hujibu, "Nimemeza, baba." Hadanganyi, anakumbuka alivyomeza jana akaona ndiyo leo. Wao wanalala wametulia, na mimi niliye naye hapa Newala navikuta vidonge kwenye pindo la khanga, kavitunza "vya siku nikiumwa". Siku hizi wanauliza kwangu, na pakiti ikikaribia kwisha wanatuma hela mapema.

Dawa hazikai tena chumbani kwake. Ziko kabatini, kabati lina kufuli, na kwa siku anayetoa ni mtu mmoja tu. Anampa na maji, anasubiri ameze, ndipo anatia alama kwenye kalenda ya ukutani. Alama hiyo msiidharau. Mama akisahau kuwa amemeza huomba tena, hata kwa ukali, na mjukuu mwenye huruma atampa. Kwa vidonge vya sukari kama glibenklamidi hiyo ni hatari: sukari inashuka, mzee anatoka jasho, anatetemeka, anaongea yasiyoeleweka, nanyi mnadhani ni usahaulifu umezidi. Kama bado anaweza kumeza, mpeni maji ya sukari, kisha hospitali mbio. Na kidonge kilichorukwa jana hakilipwi leo kwa kumeza viwili.

Halafu punguzeni nyakati. Tulibeba kila kitu, bahasha za 1×3, za 1×2, vya duka la dawa, hadi mizizi ya jirani, tukamwagia daktari mezani. Kwa dawa za presha, kaptopuri humezwa mara mbili au tatu kwa siku, amlodipini mara moja. Kubadili ni kazi ya daktari, si yetu. Akatuambia pia tuache piritoni aliyokuwa akinunua kwa mafua, kwani huwazidishia wazee kuchanganyikiwa. Kidonge cha kukojosha kikahamia asubuhi, asiwe anaamka usiku na kuanguka gizani.

Sasa ni asubuhi na uji, jioni na ugali wa muhogo, maana metformini, dawa yake ya sukari, inataka chakula. Ramadhani ndiyo hutuvuruga. Mama hafungi tena, lakini nyumba nzima ikifunga hakuna anayekoroga uji, na dawa inapotelea hapohapo. Kwa hiyo mwezi ukiandama, uji wake unapikwa usiku wa daku na kuwekwa kwenye chupa ya chai.

Msimu wa korosho nao una yake. Kuanzia Oktoba watu wazima wote tuko shambani tunaokota, nyumbani wanabaki watoto. Ufunguo wa kabati tunamwachia mama mdogo, anayekaa nyumba ya pili, na kalenda anatia alama yeye.

Msomaji, Newala, Mtwara