Mama Alisema Majani, Mimi Nikasikia Mboga: Kulisha Simbilisi Bila Kuwaumiza

Simbilisi (guinea pig kwa Kiingereza) wetu wa kwanza walikuja Morogoro kwa basi kutoka Mafinga, ndani ya boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Mama yangu ndiye aliyempa binti yangu, wakati huo ana miaka minane, baada ya kumwona likizo nzima habanduki jikoni. Kule nyumbani simbilisi huishi jikoni. Wanazunguka pembeni mwa mafiga, wanatupiwa nyasi na maganda ya mahindi mabichi, na akija mgeni mmoja wao anakuwa kitoweo. Binti yangu aliapa kwamba hawa wake hawataliwa. Mmoja akamwita Doa, mwingine Kahawa. (Mama huwaita pimbi, na wengi wa kwetu pia, ingawa pimbi hasa ni yule wa kwenye miamba. Hapa nitasema simbilisi.)

Maagizo ya mama yalikuwa mafupi: "Wape majani tu, mwanangu. Hawa hawana makuu."

Kwa mama, majani ni nyasi. Ukoka, majani ya mahindi, magugu ya shambani, mchana kutwa wanatafuna. Mimi wa mjini niliposikia majani nikaelewa mboga za majani. Neno lile moja ndilo lililonigharimu Doa.

Gengeni kwetu yupo mama wa mboga ambaye alianza kuniwekea majani ya nje ya kabichi, yale anayoyabandua ili kabichi ipendeze. "Dada, ya sungura wako haya," ananiambia, hachukui hata senti. Jumamosi moja alinipa kiroba kizima. Nikakifunga, nikakiacha nyuma ya nyumba, na Jumapili jioni nikaenda kuchota. Mkono ulipofika katikati ya kiroba nilisikia joto, kama nimeushika unga ulioumuka. Majani ya katikati yalikuwa yanateleza na yananuka uchachu, kama kilabu cha pombe. Nikatupa yaliyooza. Yaliyoonekana mazima nikawarundikia bandani, nao wakala kwa furaha.

Saa nne usiku Doa alikuwa amejikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama, anasaga meno. Tumbo lilikuwa limekaza, na nilipoligonga taratibu kwa kidole lilitoa mlio wa ngoma. Nilikaa naye sebuleni, nikamkanda, nikajaribu kumpa maji kwa bomba la sindano. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa amekufa, na mimi ndiye niliyemweleza mtoto.

Baadaye ndipo nilipoelewa kilichotokea. Simbilisi hawezi kutapika wala kucheua kama mbuzi. Kilichoingia hakina njia ya kurudi. Chakula chake huchachushwa na bakteria ndani ya kifuko kikubwa mwanzoni mwa utumbo mpana, na bakteria hao wamezoea nyasi. Wakimwagiwa ghafla rundo la kitu kibichi wasichokizoea, gesi inajaa kuliko anavyoweza kuitoa. Kabichi na ndugu zake, yaani chainizi, sukuma wiki, figiri na koliflawa, huleta gesi hata zikiwa safi. Zikishapata joto kwenye kiroba, uchachu umeanzia nje na unakwenda kumalizikia tumboni mwa mnyama. Hata nyasi ni hivyo hivyo. Ukikata asubuhi ukazishindilia kwenye gunia, ingiza mkono katikati. Ukisikia uvuguvugu, gunia hilo si chakula tena. Mimi sasa nazitandaza juu ya waya siku ileile, na zenye umande zinakauka kwanza maji ya juu ndipo niwape.

Kosa la pili lilitokana na hofu ya lile la kwanza. Niliacha kumpa Kahawa mboga zozote. Ilikuwa Septemba, kiangazi, nyasi za Morogoro zimekauka, kwa hiyo Kahawa akawa anakula nyasi kavu, pumba, na chakula cha sungura cha dukani. Niliamini nimempata mpango salama kabisa. Wiki ya nne hivi akaacha kuja mlangoni. Manyoya yakapauka, kidevu kikawa na mate muda wote, na binti yangu alipombeba alipiga ukelele ambao hatukuwahi kuusikia kwake. Magoti yalikuwa yamevimba. Daktari wa mifugo wa kwanza alinipa dawa ya minyoo. Wa pili, kabla hata ya kumgusa, aliuliza: "Anapata mboga gani mbichi?" Nikasema hapati. Akamfungua mdomo, akanionyesha fizi zinazovuja damu, akasema: "Mama, huyu ana kiseyeye."

Kiseyeye nilikijua kwa mabaharia wa zamani tuliowasoma shuleni. Kumbe simbilisi yupo kundi moja na sisi binadamu: mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini C, lazima aile, na hana mahali pa kuiweka akiba ya muda mrefu. Sungura anaitengeneza mwenyewe, mbuzi pia, hata panya. Ndiyo maana chakula cha sungura hakikumsaidia Kahawa. Kimepangwa kwa ajili ya mnyama asiyeihitaji, tena vingine vinatiwa dawa za kuzuia magonjwa ya sungura ambazo kwa simbilisi hazifai. Nyasi zikishakauka juani nazo hubakiwa na vitamini C kidogo mno.

Kwa hiyo mboga si kitafunwa cha kumfurahisha mtoto wala mnyama. Ni sehemu ya uhai wake kila siku, na papo hapo ndiyo inayoweza kumuua ikizidi. Mambo hayo mawili nimeyalipia, na ushauri wangu wote umekaa katikati yake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Simbilisi mzima ana uzito wa kati ya gramu 700 na 1,200, na anahitaji takriban miligramu 10 hadi 30 za vitamini C kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye mimba na mgonjwa wakae upande wa juu. Gramu 100 za pilipili hoho ya kijani zina karibu miligramu 80, nyekundu inapita 120. Kipande cha hoho cha gramu 25, upana wa vidole viwili, kinamtosha mzima mwenye afya. Hoho haina sukari nyingi, haina kalsiamu nyingi, haileti gesi. Kama mfuko unaruhusu mboga moja tu kwa wiki, nunua hoho. Pera lina vitamini C kuliko hata hoho, lakini ni tunda na lina sukari, kwa hiyo kwetu ni kipande kidogo mara moja kwa wiki msimu ukifika. Kahawa alipewa vidonge vya vitamini C vilivyosagwa, kwa kipimo cha daktari, pamoja na hoho asubuhi na jioni, na baada ya siku kumi alikuwa anakimbilia mlango tena. Usiitie vitamini hiyo kwenye maji ya kunywa. Inaharibika haraka kwa mwanga na hewa, na ladha ikibadilika ataacha hata kunywa.

Leo bandani nyasi hazikosekani, mchana na usiku. Ndizo zinazosaga meno yake, maana meno ya simbilisi hayaachi kukua, na ndizo zinazosukuma utumbo. Mboga zinakuja juu ya nyasi: kikombe kimoja cha chai kilichojaa mboga zilizokatwa kwa kila mnyama kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni. Simbilisi atapiga miluzi kana kwamba hajala tangu jana. Usimwonee huruma. Ongeza nyasi.

Ndani ya kikombe hicho hoho ipo kila siku. Kinachozunguka ni majani: leo saladi ya majani ya kijani, kesho majani ya giligilani, keshokutwa matembele machache, na siku nyingine ganda bichi la hindi na tango kidogo. Tango ni maji tu, nawapa wakati wa joto la Januari. Karoti ni mara mbili kwa wiki, kipande cha urefu wa kidole gumba, kwa sababu ya sukari. Majani yake wanayapenda zaidi. Nyanya iliyoiva wanaweza kuionja.

Mchicha na spinachi ndizo zinazowachanganya wengi, kwa kuwa kwetu ni mboga za afya na ni za bei nafuu. Zina oksaleti nyingi (kemikali ya mimea inayoshikana na kalsiamu), mchicha una kalsiamu nyingi pia, na simbilisi hutoa kalsiamu iliyozidi kwa njia ya mkojo. Ikizidi sana inakaa kwenye kibofu kama mchanga, halafu mawe. Ukiona mkojo unaacha unga mweupe mzito kwenye matandiko, au una damu, au analia akikojoa, punguza mboga hizo na umwone daktari. Kwangu mchicha ni majani mawili, mara moja kwa wiki. Jirani yangu huwapa wake kila siku na hajaona shida. Mimi siwezi kumfuata.

Vipo visivyoingia bandani hata kidogo. Kitunguu na kitunguu saumu. Majani na mashina ya nyanya, majani ya viazi mviringo, na kiazi chenyewe kikiwa na rangi ya kijani. Maharage makavu na mabichi. Parachichi, pamoja na majani yake. Kisamvu, ambacho kikiwa kibichi kina sumu ya sayanaidi. Sisi wenyewe hatukili kabla ya kukitwanga na kukichemsha. Mnafu nao nimeuacha. Na chochote kilichopikwa, hasa mabaki ya mboga yenye chumvi, mafuta na kitunguu, ambayo mgeni mwema atataka kuwatupia.

Mboga mpya inaingia peke yake, kipande cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na siku hiyo hakibadiliki kitu kingine. Kesho yake natazama kinyesi kabla ya kufagia. Kinatakiwa kuwa vipunje vikavu, vya kahawia, vinavyofanana. Vikiwa laini, vidogo kupita kawaida au vimeshikana, mboga ile inatoka na tunabaki na nyasi siku mbili. Vikiwa vizuri, naongeza kidogo.

Kuosha nako nimekuwa mkali. Mboga zetu nyingi zinateremka kutoka Mgeta, milima ya Uluguru, na nyingine zinalimwa humu humu mjini kando ya mito. Hoho na kabichi hupuliziwa dawa ya wadudu, na mnyama wa gramu 900 hana mwili wa kuhimili kinachotupita sisi. Nilimuuliza mama wa mboga waziwazi, naye hakuchukia. Siku hizi ananiambia mwenyewe: "Hii usichukue, dada, imepuliziwa juzi." Naosha jani moja moja kwenye maji yanayotiririka, naloweka robo saa kwenye maji safi, nasuuza, nakung'uta, natandaza kwenye kitambaa zikauke. Zinazobaki bandani baada ya muda wa saa tatu naziondoa, maana kwenye joto la huku zinalegea na kuchacha upesi.

Kila Jumapili binti yangu, sasa ana miaka kumi na mmoja, anawapima kwenye mizani ya jikoni na kuandika kwenye daftari. Tuna watatu. Simbilisi huficha ugonjwa, na mara nyingi gramu ndizo zinazosema mapema. Akipungua gramu 50 kwa wiki bila sababu, tunafuatilia. Akigoma kula kwa nusu siku hatusubiri kesho, kwa sababu utumbo wake ukisimama mara nyingi hauanzi wenyewe. Kwa sisi wa Morogoro hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ipo. Ulipo wewe, mtafute daktari mapema kabla hujamhitaji, na ukienda, nenda na orodha ya alivyokula siku tatu zilizopita. Mwambie wazi kwamba ni simbilisi, si sungura wala panya, na ukipewa dawa uliza jina lake. Amoksilini na jamaa zake wa penisilini, zile tulizonazo kwenye makabati yetu ya nyumbani, zinaua bakteria wazuri wa tumbo lake, na mnyama anaweza kufa kwa dawa wakati ugonjwa wenyewe ulikuwa unapona.