Funga zako nazijua sasa. Za mumeo sijui, hukuniandikia

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, tumeoana kanisani, watoto watatu. Nimeokoka, ni kiongozi wa maombi. Nafunga Jumatano na Ijumaa, zaka natoa kamili. Mume wangu, fundi seremala, ni mtu wa mwilini. Nikiomba mezani anainuka na sahani yake anakwenda kula barazani, na sasa kanisani haendi kabisa. Mama mkwe alikuja kutoka Bukoba kutibiwa magoti, akakaa nasi miezi miwili. Ana roho ya dini tu. Kila mara ananiambia 'nisamehe mwanangu', nadhani anajua alichonifanyia. Alifua sare zangu za kwaya bila kuniuliza, zikachuja. Nilipomkemea aliondoka kabla ya siku zake, na tangu hapo mume haniongeleshi. Nifanyeje ili Mungu amshushe kiburi?" (Mama Watatu, Kimara)

Marahaba, mwanangu. Pole kwa ukimya wa nyumba, najua unavyouma usiku.

Pole imeishia hapo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilichukua Biblia, maana maneno hayo nilikwisha kuyasikia. Fungua Luka 18. Watu wawili wamepanda hekaluni kusali, mmoja anamwambia Mungu kwamba anafunga mara mbili kwa juma na anatoa zaka ya mapato yake yote, tena anashukuru kwamba hafanani na yule mtoza ushuru kule nyuma. Umeandika sala yake, umebadilisha majina tu. Unakumbuka ni nani kati yao alirudi nyumbani amehesabiwa haki?

Tuje mezani. Umesema "nikiomba mezani" ukapita haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Unaomba nini? Mwanamume aliyeshinda na randa mkononi tangu asubuhi hainuki na sahani yake kwa ajili ya "Bwana bariki chakula hiki". Nafikiri wali unapoa huku roho ya uvivu na roho ya umaskini zinakemewa moja moja, na watoto wamefumbua jicho moja wanamtazama baba yao. Kama nakusingizia, niandikie tena. Kama sikusingizii, hayo si maombi, ni masimango yaliyofumba macho. Mimi pia ningekula barazani.

Sasa mama mkwe, na hapa ndipo uliponikera. Umeolewa na mtu wa Bukoba na hujauliza mkweo alilelewa wapi kiimani? Miaka ya 1930 uamsho ulitoka Gahini, Rwanda, ukapita Uganda, ukaingia Bukoba. Hili neno mlokole, wanaloitwa waliookoka kama wewe, ni la Waganda, maana yake aliyeokoka. Wazee wale wokovu wao haukuwa wa maikrofoni. Mtu akiguswa alisimama mbele ya wenzake akataja dhambi yake mwenyewe, si ya jirani, na kama aliiba jembe alilirudisha kwa mwenyewe, mchana, watu wakiona. Kuombana msamaha kwao kulikuwa kama kusalimiana. Bibi aliyekulia humo akikujibu kwa ukali asubuhi, halali hajakwambia "nisamehe mwanangu". Wewe umesikia nini? "Anajua alichonifanyia." Mtu amekuonyesha toba, umeona uchawi!

Na zile sare. Mgonjwa wa magoti, aliyekuja mjini kwa ajili ya magoti hayohayo, kainama kwenye beseni akafua nguo za mkewe mwanawe za kumsifia Mungu. Zimechuja, sawa, vitenge vya siku hizi vinachuja hata vikitazamwa. Ukamkemea. Yohana 13 Bwana alishika beseni, akaosha miguu ya watu waliokuwa watamwacha usiku uleule, na ya Yuda ikiwamo. Mwenye roho ya dini ni nani hapo?

Msidhani nawaonea wanawake. Wapo wazee wa kanisa, wakisoma somo Jumapili sauti inatetemeka kwa unyenyekevu, kumbe nyumbani mkewe anabisha hodi kwenye pochi ya mumewe. Ndoa za siku hizi zimekuwa za vyeo vya rohoni: huyu ana upako, yule bado mchanga, huyu nabii wake kamwambia hivi, yule wa kwake vile. Zamani watu waligombania shamba. Leo wanagombania nani yuko karibu zaidi na Mungu, na kiburi cha namna hiyo ni kibaya kuliko cha gari, kwa sababu gari hata mwenyewe anajua ni majivuno. Cha kiroho kinavaa sare. Nakijua, niliwahi kususa kikundi cha akina mama mwaka mzima kwa kuwa jina langu lilirukwa kwenye shukrani za harambee, na mwaka huo wote niliwaambia watu nimeitwa kwenye maombi ya faragha.

Umeuliza ufanyeje ili mumeo ashushwe. Mumeo yuko chini siku nyingi, anakula barazani.

Mpigie mama simu. Usimtumie ujumbe wa sauti wenye mistari ya Biblia, mpigie. Useme "nilikukosea, mama, nisamehe", na usitie "kama". Ukisema "kama nilikukwaza" umemrudishia mzigo. Halafu mwambie mumeo, mbele ya watoto, maana walikuwepo ulipokuwa ukimkemea. Asipojibu siku hiyo, usiende kumtangaza kwenye kikundi kama ombi la maombi. Mezani sala iwe ya pumzi moja. Na Jumatano ukifunga, Mathayo 6 inasema paka mafuta, nawa uso. Nyumbani mwako asijue mtu, hata mimi usiniandikie.

Kanisani mwache kwanza. Atakwenda atakapoona aliyerudi kutoka huko anafanana na nini.

Zile sare zilizochuja umezitupa wapi? Zitafute. Jumapili ukaimbe nazo.

Shangazi