Kalipa ya breki imeng'ang'ania, naweza kuifufua nyumbani?

SWALI: Habari fundi, gari yangu ya zamani gurudumu moja la mbele linachemka na gari inavutia upande huo, nimeambiwa pistoni ya kalipa (kile kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski) imeshika. Naweza kubadili raba inayoizunguka pistoni mwenyewe au ninunue kalipa mpya?

JIBU: Salama ndugu. Unaweza kabisa, ila kabla hujafungua paipu ya breki tumia pedali yenyewe kuisukuma pistoni mpaka ikaribie kutoka, maana ukishafungua itabidi utumie upepo wa kompresa na hapo weka kipande cha mbao mbele yake na vidole vikae mbali, inaruka kwa nguvu kweli! Ikitoka iangalie vizuri, ikiwa na vishimo vya kutu pale raba inapokaa usihangaike kuipiga msasa, nunua pistoni nyingine, maana hiyo yenye vishimo itavuja tu. Halafu ule mfereji wa raba ndani ya kalipa watu wengi wanausahau, kutu ikijaa mle inaisukuma raba inaibana pistoni, yaani utarudi palepale. Usafishe taratibu usiukwaruze. Tafadhali usioshee petroli wala dizeli, raba za breki zinavimba, tumia spiriti, na raba mpya ipake fluidi safi ya breki, sio oili wala grisi ya kawaida. Pini ambazo kalipa inatelezea juu yake ndo zinataka grisi ya silikoni. Fanya pande zote mbili, toa upepo wote ulioingia kwenye mfumo wa breki mpaka pedali iwe ngumu, jaribu mwendo wa polepole kwanza.